Kibati Namba Kumi na Saba

Mama Pacha alikuwa mtu wa kushukuru. Si ile asante ya kumalizia mazungumzo, hapana. Alishukuru kwa dhati, hata pale ambapo wewe na mimi tungetukana. Askari wa mlangoni akimwambia njoo kesho, anajibu, "Asante baba, ubarikiwe," na kesho yake yuko pale kabla mlango haujafunguliwa. Mumewe, fundi viatu asiyeishiwa maneno, alizoea kumwambia, "Wewe mwanamke, siku mtu akikukanyaga utamshukuru kwa kuwa alivua viatu kwanza."

Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia, kile kinachopokea mashuka ya hospitali na hoteli kwa marobota. Kazi yake ilikuwa kwenye pasi kubwa ya umeme, silinda mbili ndefu za moto zinazozunguka, shuka likiingia limelowa huku, linatokea kule limenyooka. Wenyewe waliiita Roli. Roli haikujua kuchoka wala kuugua, na wasimamizi walitaka watu wafanane nayo.

Sasa pale getini palikuwa na ubao wenye misumari, na kwenye kila msumari kibati chenye namba. Ukiingia unachukua kibati chako, unakibana kwenye aproni, mlinzi anaandika namba yako kwenye daftari la mahudhurio bila hata kuinua kichwa. Jina lako na sura yako havikumhusu. Kanuni ilisema ruhusa iombwe siku tatu kabla, kana kwamba dharura hupiga hodi siku tatu kabla! Kwa hiyo wafanyakazi walijitungia njia yao. Ukibanwa, unamnong'oneza mwenzako aliye mapumziko, anakuja kuvaa kibati chako, anafanya zamu yako, na siku nyingine unamlipa kwa kuvaa chake. Waliita kuazimana kibati. Siku hiyo yeye ndiye wewe, na utani wa kuazimana ulikuwa hauishi: "Kumi na saba, leo umenenepa!" "Kumi na saba, mumeo anajua umebadilika sura?" Wasimamizi walijua, wakajifanya hawaoni, mradi Roli haisimami. Lakini mwaka uliopita bosi mpya aliwanasa wawili, akawafukuza siku hiyo hiyo. Watu wakaendelea kuazimana, ila kwa kunong'ona zaidi.

Mwenye kibati namba kumi na saba alikuwa Chiriku. Jina la utani, bila shaka, na alilipata kwa jasho lake, maana tangu aingie asubuhi hadi atoke alikuwa anaongea. Aliongea na mashuka, aliongea na Roli, akikosa wa kuongea naye anajiuliza na kujijibu. Mama Pacha alikuwa mwenzake wa kukunja. Kukunja shuka kubwa ni kazi ya watu wawili, kila mmoja na pembe zake, mnasogeleana, mnaachana, mnasogeleana tena, na kwa miaka sita hao wawili walikunja huku mmoja anaongea na mwingine anacheka.

Jioni moja Chiriku alikuja mbio nyumbani kwa Mama Pacha. Mama yake mzazi alikuwa ameitwa kliniki ya figo asubuhi inayofuata, nafasi imepatikana ghafla, na hana wa kumpeleka. Kesho hiyo Mama Pacha alikuwa na siku yake ya mapumziko. "Lete kibati," akasema, na hakungoja kuombwa mara mbili.

Asubuhi ile, saa nne hivi, pembe ya shuka ilijikunja ikiingia kwenye Roli. Akanyoosha mkono kuiweka sawa. Mbele ya silinda palikuwa na chuma cha kinga, ukikigusa mashine inasimama, lakini chuma hicho kilikuwa kimefungwa kamba tangu zamani kwa sababu kilikuwa kikisimamisha mashine ovyo. Shuka likaenda, mkono ukaenda nalo. Mtu akapiga kitufe chekundu, hajui ni nani mpaka leo, na humwombea kila siku. Nesi wa kiwanda akamwagia maji, akafunga kitambaa, akatazama kibati kwenye aproni na kuandika kwenye kitabu chake cha huduma ya kwanza. Halafu gari, halafu hospitali, wiki tano.

Alipotoka, mkono wa kulia ulikuwa umepona kwa namna yake wenyewe. Ngozi ilikuwa imejikunyata, ikavivuta vidole vinne kuelekea kiganjani, vikakaa hivyo. Hakuweza kushika sindano, kitasa wala kijiko. Daktari alimweleza wazi: upasuaji upo, ngozi inaachanishwa na kupandikizwa nyingine, vidole vinanyooshwa, lakini ufanyike ndani ya mwaka. Ukipita hapo, viungo vyenyewe vinakakamaa na hakuna kisu kitakachovirudisha. Gharama zake zilikuwa juu ya ofisi ya fidia ya wafanyakazi, kama tu ofisi itakubali kwamba aliumia kazini.

Kwa hiyo hesabu yake ilikuwa moja, mwaka. Kila asubuhi mumewe alimfunga vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, kwa vidole vyenye gundi ya viatu, na kila asubuhi alikuwa na la kusema. "Nilikuoa nikiwa fundi wa kufungua tu. Ona sasa, nimehitimu na kufunga." Mama Pacha anacheka, anasema asante, na akishageuka anafuta machozi kwa mkono mzima.

Fomu ilijazwa, sehemu yake yeye, sehemu ya daktari, sehemu ya mwajiri. Kwenye sehemu yake aliandikiwa: niliumia kazini, kwenye Roli, tarehe fulani, saa nne. Hakusema neno juu ya kibati. Angesemaje? Akisema alivaa kibati cha Chiriku, Chiriku hana kazi kesho, na yule mama wa figo anategemea nini? Akajiambia ukweli ni ukweli, aliungua kazini, inatosha.

Miezi mitatu ikapita. Barua ikaja, ya ukurasa mmoja na nusu, ikisema maombi yamekataliwa. Kumbukumbu za mahudhurio za mwajiri zilionyesha kwamba siku ya tukio mfanyakazi namba arobaini na moja, yaani yeye, alikuwa mapumziko. Mwajiri aliamini aliungua nyumbani kwake, na wenzake walioona walinyamaza wakiogopa kufukuzwa. Asiporidhika, alikuwa na siku thelathini za kuweka pingamizi kwa mkurugenzi wa ofisi hiyo.

Ndipo alipokutana na karani wa masjala ya ofisi hiyo, dirisha la tatu, mzee mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi wa viatu. Mama Pacha alitoa mkono wa kushoto, akiomba radhi kama alivyozoea, "Samahani baba, nakupa wa kushoto, huu mwingine haufai." Yule mzee akapenyeza mkono chini ya kioo, akaupita wa kushoto, akaushika ule wa kulia, kifundoni, taratibu, juu ya kitambaa alichoufungia. "Unafaa," akasema. "Karibu. Tuone barua."

Mama Pacha hakuwahi kusahau hilo.

Karani alimwonyesha fomu ya pingamizi na kumwambia ni nani atakayeisoma. Akaongeza, "Mama, hapa wameandika hukuwepo. Kusema tu 'nilikuwepo' hakutoshi. Eleza ulikuwepoje." Mama Pacha akashukuru, akaenda kukaa kwenye benchi, akafikiri, na akaandikiwa tena vile vile: nilikuwepo. Miezi miwili baadaye mkurugenzi akajibu kwamba hapakuwa na jipya, uamuzi unabaki. Kilichobaki ni rufaa, kwenye baraza, siku thelathini nyingine.

Siku hiyo mumewe aliacha utani, na akiwa na hasira huyu bwana haongei kwa sauti, anaongea kwa utulivu unaotisha. "Mke wangu, nimekufunga vifungo miezi saba, na nitakufunga mpaka nizikwe, si kazi. Lakini wewe unataka kumwachia mtu mkono wako kama zawadi. Amekuja hata mara moja kukuangalia?"

Hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Chiriku hakuwa amekanyaga hospitali wala nyumbani. Watu wa kiwandani walisema amekuwa bubu. Anakunja mashuka na mtu mwingine, kimya kama amemeza kufuli.

"Anaogopa," akasema Mama Pacha.

"Na wewe?"

"Mimi pia."

"Basi twende ukaogopee dirisha la tatu," mumewe akasema. "Pale angalau kuna mtu mwenye akili."

Wakaenda. Safari hii Mama Pacha alimweleza karani yote, vibati, zamu, figo, kamba kwenye chuma. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ungeniambia siku ile ya kwanza," akasema, bila ukali. "Mimi si wakili, mama. Siruhusiwi kukuambia useme nini. Mimi naonyesha fomu." Akavuta moja ya kijani kutoka chini kabisa ya rundo. "Hii ni ya rufaa. Na hii nyingine watu hawaijui, hata mawakili wengine wanaisahau. Ni ya kuliomba baraza limwamuru mwajiri alete nyaraka. Wao wameleta daftari la mlinzi. Je, kiwandani ulihudumiwa na mtu yeyote kabla ya gari kuja?"

"Nesi."

"Nesi aliandika popote?"

Mama Pacha akaona tena ile kalamu, na macho ya nesi yakitua kwenye kibati. Akatikisa kichwa kwa kukubali, polepole.

"Haya," karani akasema, akimpa mumewe kalamu. "Andika: kitabu cha huduma ya kwanza."

"Na shahidi?" mumewe akauliza. "Kuna mtu anayejua yote."

"Huyo simtaji," Mama Pacha akasema. "Nitajisema mimi mwenyewe. Kumsema yeye ni kumponza." Mumewe akarudi kwenye fomu. Alimjua mkewe.

Rufaa ikasajiliwa, ikapewa namba, na Mama Pacha akacheka kidogo kwamba maisha yake yote ni namba. Mwajiri akapewa nakala, akajibu kwa maandishi, tarehe ikapangwa, ikaahirishwa kwa sababu mjumbe mmoja aliugua, ikapangwa tena. Mwaka ulikuwa umebakiza wiki saba.

Chumba cha baraza hakikutisha kama alivyodhani. Meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, feni iliyokuwa ikilalamika, viti vya plastiki. Wajumbe watatu, mmoja wao daktari, na mwenyekiti mama wa makamo aliyekuwa akimtazama kila mtu juu ya miwani. Wakili wa kiwanda alikuwa kijana mstaarabu, alimsogezea Mama Pacha kiti, naye akashukuru, mumewe akaguna.

Wakili akaweka daftari la mlinzi mezani. Arobaini na moja haipo siku hiyo. Mwisho wa maneno.

Mama Pacha akasimama. Alijikaza kisabuni. "Mheshimiwa, daftari halisemi uongo. Kibati changu hakikuingia siku hiyo. Niliingia mimi. Nilivaa namba kumi na saba." Akaeleza walivyokuwa wakiazimana, bila kumtaja mtu kwa jina, bila kujitetea. "Nilifanya kosa kuwaficha mwanzoni. Naomba radhi. Lakini mkono huu uliungua kwenye Roli."

"Hii ni hadithi mpya kabisa, mheshimiwa," wakili akasema. "Imezaliwa kwenye rufaa. Kumi na saba ni mtu, na mtu huyo daftari linasema alikuwa kazini. Kama si yeye aliyefanya kazi, mbona hayupo hapa kusema?"

Mwenyekiti akamgeukia Mama Pacha. "Una shahidi?"

"Sina, mheshimiwa."

Na hapo mlango ukalia. Akaingia mwanamke aliyevaa aproni ya kiwanda, anahema, kibati kifuani. Karani wa baraza akainuka kumzuia.

"Mimi ndiye kumi na saba," Chiriku akasema.

Baadaye ilijulikana ilivyokuwa. Amri ya baraza ilipofika kiwandani, nesi alikitoa kitabu, akaupitia ukurasa kabla ya kukikabidhi, na alipopita kwenye mashine akaiona namba ile kifuani mwa Chiriku, akamuuliza kwa nia njema kabisa, "Hivi wewe mkono wako ulipona vizuri?" Chiriku hakulala siku mbili. Siku ya tatu, ambayo ndiyo ilikuwa ya rufaa, katikati ya zamu, alimwacha mwenzake ameshika pembe za shuka peke yake na kutoka getini, kadi ya kliniki ya mama yake mfukoni.

Mwenyekiti alimwapisha. Kisha akafungua kitabu cha huduma ya kwanza, kilichokuwa mezani muda wote kikingoja zamu yake, akasoma kwa sauti. Tarehe ile. Saa nne na dakika kumi. Namba kumi na saba. Mkono wa kulia, kuungua kwa Roli kuanzia vidoleni hadi kifundoni, ngozi imetoka, apelekwe hospitali haraka.

"Wewe ndiye kumi na saba?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Sogea. Weka mikono yako mezani."

Chiriku akaiweka yote miwili juu ya kitambaa cha kijani. Ilikuwa mikono ya kazi, kucha fupi, ngozi laini kwa sabuni. Mjumbe daktari akauinua wa kulia, akaugeuza, akaukunja na kuukunjua.

"Umewahi kuungua mkono huu?" mwenyekiti akauliza.

"Haujawahi, mheshimiwa. Hata na chai."

"Siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Kliniki ya figo, na mama yangu. Kadi yake hii hapa, ina muhuri na tarehe, na mimi ndiye niliyesaini kumsindikiza."

"Unajua unachokisema kinaweza kukugharimu?"

"Najua. Nimekijua mwaka mzima, ndiyo maana nilinyamaza." Akashika kibati kifuani. "Nimechoka kunyamaza, mheshimiwa. Sikuzaliwa hivyo."

Mwenyekiti akasema, "Mama mrufani, na wewe weka wako."

Mama Pacha akafungua kitambaa kwa meno na mkono wa kushoto, akauweka mkono ule mezani, pembeni ya mikono ya Chiriku. Hapakuwa na la kueleza. Chiriku alikuwa hajawahi kuuona. Akautazama, na machozi yakamtoka bila sauti, yakidondoka kwenye kitambaa cha baraza.

"Huu ulikuwa uwe wangu," akasema. "Ilikuwa zamu yangu."

"Asante kwa kuja," Mama Pacha akamnong'oneza.

"Usinishukuru! Nitukane kwanza, jamani, nitukane hata kidogo!"

Mumewe Mama Pacha, kule nyuma, alipiga chafya ambayo haikuwa chafya.

Wakili akakivuta kitabu kwake. "Kitabu ni cha mteja wako," mwenyekiti akamkumbusha. "Una swali kwa shahidi?" Kijana akafunga faili lake.

Uamuzi ulisomwa siku kumi na mbili baadaye. Lugha yake ilikuwa ndefu, na Mama Pacha alielewa nusu, ila nusu ile aliielewa vizuri sana. Baraza lilisema kuazimana kibati ni kosa la nidhamu, na wahusika washughulikiwe na mwajiri wao kwa nidhamu. Lakini fidia humwendea aliyeumia akifanya kazi ya mwajiri, na kazi ya siku ile ilifanywa na mkono huu hapa. Uamuzi wa ofisi ukatenguliwa. Gharama za upasuaji ziidhinishwe ndani ya siku saba. Na ile kamba kwenye chuma cha kinga ikatajwa kwa aya yake yenyewe, nakala kwa wakaguzi wa viwanda.

Chiriku alipewa onyo la mwisho na kusimamishwa kazi wiki mbili. Wengi walitegemea kufukuzwa, lakini bosi mpya alikuwa na wakaguzi mlangoni na mambo mengine ya kufikiria.

Upasuaji ulifanyika mwaka ukiwa umebakiza siku tisa. Kisha vibanzi vya kunyooshea vidole, kisha mazoezi ya viungo, mazoezi ya kumliza mtu mzima, na Mama Pacha alilia, akamshukuru mtaalamu wa mazoezi kila alipomliza. Siku vidole viliponyooka vya kutosha, kabla ya kurudi nyumbani, alipitia dirisha la tatu. Hakuwa na fomu wala barua. Alipenyeza mkono wa kulia chini ya kioo. Mzee wa miwani ya uzi akaushika wote, kiganja kwa kiganja, na foleni ikangoja.

Jumapili moja Chiriku alikuja nyumbani kwao. Alisimama uani kama mgeni, mfuko mkononi, hajui aanzie wapi. Kwenye kamba palikuwa na shuka lililokauka. Mama Pacha hakumkaribisha kiti. Alilishusha lile shuka, akamtupia upande mmoja.

"Shika pembe," akasema.

Chiriku akashika. Mama Pacha akashika zake, kushoto na kulia, na ule wa kulia ulitetemeka lakini haukuachia. Wakalinyoosha, wakalikung'uta, wakasogeleana kama walivyosogeleana miaka sita. Katikati, pale pembe zinapokutana, mikono yao ikagusana. Chiriku hakuachia. Alivishika vile vidole vyenye makovu, kimoja kimoja, vyote vinne vimenyooka, na kinywa chake kikaanza kucheza.

"Weee, mama anakusalimu," akaanza, "amesema nikuletee hizi ndizi, nikamwambia ndizi kitu gani kwa mtu niliyemfanyia vile, akasema wewe peleka tu ukae kimya, mimi nikae kimya? Halafu huko kwenye Roli wameweka chuma kipya, kinalia kama mtoto, bosi akipita tunakigusa makusudi..."

Fundi viatu akachungulia kutoka ndani, akatikisa kichwa, akarudi kwenye kiatu chake. Maneno yaliendelea mpaka chai ikapoa na jua likahama uani. Mama Pacha alisikiliza yote, shuka likiwa bado halijakunjwa mikononi mwao, na hakumkatiza hata mara moja.